Jinsi ya Kupanga Bei ya Vichupa vya Shira ya Mepo kwa Wageni wa Harusi

Bibi harusi anapiga simu. Anataka vichupa 120 vya shira ya mepo, ile shira inayochemshwa kutoka utomvu wa mti wa mepo (maple), kila mgeni aondoke na kimoja. Aliyechemsha shira anashika kalamu na kugawanya: galoni moja ya Marekani ina mililita 3,785, kichupa ni mililita 50, kwa hiyo galoni inatoa vichupa 75. Galoni naiuza dola 54. Kumbe shira ya kichupa kimoja haifiki hata senti 75! Niweke na chupa, niongeze kidogo juu, nimtajie dola 4, bado nitabaki na changu.

Mimi nilijibu hivyohivyo mara yangu ya kwanza. Oda ilikuwa ya vichupa 60 tu. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi nilikuwa mezani nafunga tepe, vidole vinanata, lebo tatu zimebandikwa upande. Wiki moja baadaye niliandika kila senti na kila saa, nikakuta kazi ile ilinilipa chini ya dola 4 kwa saa. Shira haikuwa na kosa. Nilikuwa nimeuza shira, wakati mteja alikuwa amenunua kitu kingine kabisa: chupa, lebo, utepe na mikono yangu.

Mwongozo huu unafuata oda moja ya mfano, ya vichupa 120 vya mililita 50, katika jimbo kama Vermont ambako bei ni za dola za Marekani. Namba za bei nilizoweka ni za kuonyesha njia. Weka zako mahali pake, kisha fuata hesabu ileile.

Hatua ya 1: Ipe shira thamani yake

Shira ya mepo hutokana na utomvu wa mimepo, miti ambayo jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Utomvu hukingwa mwishoni mwa majira ya baridi, kati ya Februari na Aprili, wakati baridi ya usiku inagandisha na joto la mchana linayeyusha. Ni maji matupu karibu yote. Kwa kawaida lita 40 za utomvu hutoa lita 1 ya shira, na wachemshaji wa zamani wana kanuni yao: gawanya 86 kwa asilimia ya sukari iliyo kwenye utomvu, utapata galoni za utomvu zinazohitajika kwa galoni moja ya shira. Utomvu wenye sukari asilimia 2 unadai galoni 43.

Kwa hiyo ni rahisi kushawishika kukokotoa thamani ya shira kwa kuni zilizoungua na siku ulizokesha. Usifanye hivyo hapa. Swali la bei ni moja: shira hii nisipoiweka kwenye vichupa, nitaiuza wapi na kwa kiasi gani? Kama ziada yako huenda kwa mnunuzi wa shira kwa mapipa, anayelipa kwa kila pauni ya uzito, tumia bei yake. Galoni ina uzito wa pauni 11 hivi, zidisha. Bei hiyo ya mapipa, hata ukiwa Vermont, haiwezi kujitenga na jimbo la Quebec huko Kanada, kwa sababu Quebec peke yake hutoa takribani asilimia 70 ya shira yote ya mepo duniani, na chama cha wazalishaji wake kina ghala la akiba tangu mwaka 2000 linalofungua na kufunga kulingana na mavuno. Lakini kama galoni zako huisha kila mwaka kwa wateja wa rejareja wanaobisha hodi mlangoni, kila galoni unayoipeleka kwenye vichupa umeinyang'anya dola 54, na hiyo ndiyo thamani yake.

(Wezi waliochota shira kwenye ghala moja la Quebec kati ya 2011 na 2012 waliondoka na takribani tani 3,000, zenye thamani ya dola milioni 18 za Kanada. Waliiba kutoka kwenye mapipa. Hakuna mwizi mwenye akili angeiba vichupa vya harusi. Kazi yake ingemshinda.)

Halafu sahau ile 75. Kuna shira inayobaki kwenye sufuria, kwenye chujio, kwenye bomba la kujazia, na ile ya kichupa cha kwanza kilichofurika. Mimi nahesabu vichupa 72 kwa galoni. Dola 54 gawanya kwa 72 ni senti 75 kwa kila kichupa. Oda ya 120 itakula galoni moja na theluthi mbili.

Hatua ya 2: Chagua chupa kabla ya kutaja bei

Ukubwa unaozoeleka kwa zawadi za wageni ni mililita 50, ambazo ni aunsi 1.7. Unaofuata ni mililita 100, aunsi 3.4. Kuna sababu nzuri ya kutopita hapo: viwanja vya ndege vya Marekani haviruhusu kimiminika kinachozidi mililita 100 kwenye mzigo wa mkononi. Mgeni aliyekuja kwa ndege atapita na kichupa cha mililita 50 au 100. Cha 250 atanyang'anywa kwenye ukaguzi, na jina la bwana na bibi harusi litaishia kwenye pipa la taka. Mwambie mteja jambo hili mapema, wengi hawajalifikiria.

Kioo au plastiki? Plastiki ni nyepesi, haivunjiki, na kusafirisha ni rahisi. Tatizo ni kwamba hupitisha hewa kidogo kidogo, na shira hukolea rangi ndani yake kadiri miezi inavyopita. Kioo kinaitunza kama ulivyoifunga. Kwa harusi watu hutaka kioo, hasa kile chenye umbo la jani la mepo, na ndicho ninachokitumia kwenye mfano huu.

Rangi nayo ina mambo yake. Shira inayouzwa rejareja Marekani na Kanada ina madaraja manne ya rangi, yote ndani ya daraja A: ya dhahabu yenye ladha laini, ya kaharabu yenye ladha iliyoshiba, nyeusi yenye ladha nzito, na nyeusi sana yenye ladha kali. Hupangwa kwa kupima mwanga unaopenya; ya dhahabu hupitisha asilimia 75 au zaidi, nyeusi sana hupitisha chini ya 25. Kichupa cha mililita 50 ni chembamba, kwa hiyo shira ileile itaonekana nyepesi zaidi humo kuliko kwenye chupa ya lita. Kaharabu hung'aa kama dhahabu. Usitumie shira yako adimu ya dhahabu kwa sababu ya sura tu wakati ya kaharabu itakupa sura hiyo hiyo pamoja na ladha ambayo mgeni ataikumbuka. Mteja akisisitiza dhahabu, na kwako huuzwa ghali zaidi, bei ipande.

Hatua ya 3: Andika vifaa, hata kile cha senti tano

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye vichupa hupotea kwa senti. Hii ndiyo orodha ya oda yetu, kwa kichupa kimoja:

Shira: senti 75
Chupa na kifuniko, pamoja na nauli ya kuzileta: dola 1.30
Lebo ya mbele yenye majina na tarehe, na lebo ndogo ya nyuma: senti 40
Utepe na kikadi cha kuning'iniza: senti 25
Fungu la katoni na vitenganishi: senti 15

Jumla ni dola 2.85. Tazama mstari wa chupa. Wengi huandika bei iliyo kwenye katalogi na kusahau nauli, wakati kioo ni kizito na nauli yake huuma. Tena chupa huja kwa katoni. Ukihitaji 120 na muuzaji anafungasha kwa idadi isiyoingia vizuri, utabaki na chupa ambazo hujui zitatumika lini. Hesabu bei ya katoni zote utakazolazimika kununua, si ya chupa utakazojaza.

Kisha ongeza asilimia 4 kwa ajili ya hasara: chupa iliyopasuka, lebo iliyokunjika, kifuniko kisichoshika. Tunafika dola 2.96. Asilimia 4 si amri ya sheria. Baada ya oda tatu utajua yako. Hasara ya oda yangu ya kwanza ilikuwa karibu asilimia 10, kwa sababu nilibandika lebo kwenye chupa zenye unyevu.

Hatua ya 4: Pima muda kwa saa ya ukutani, si kwa kukisia

Hapa ndipo bei nyingi hufia, na hapa nitakaa kidogo.

Kujaza galoni moja kwenye jagi moja ni kazi ya dakika moja. Kujaza galoni hiyohiyo kwenye vichupa 72 ni kufungua, kujaza, kufunga, kulaza, kufuta, mara 72. Na huwezi kuharakisha, kwa sababu shira inatakiwa iingie ikiwa moto, nyuzi 82 hadi 85 za Selsiasi, ili kichupa kikilazwa au kupinduliwa kwa muda mfupi, joto hilo liue vimelea vya kwenye kifuniko na shingo. Kichupa kidogo chenye kioo baridi hunyonya joto haraka sana. Jagi kubwa litakusamehe ukizembea. Mililita 50 hazisamehi. Kwa hiyo pasha chupa joto kwanza, jaza chache chache, na weka kipimajoto ndani ya sufuria muda wote. Ukiteleza upande wa pili ukaipasha kupita nyuzi 88 hivi, chembechembe za madini zinazofanana na mchanga huanza kujitokeza tena, shira inakuwa na ukungu, na kwenye kioo cheupe ukungu huo utaonekana na kila mgeni. Hapo unarudia kuchuja. Saa nyingine hiyo.

Ukishafunga, usizirundike chupa za moto pamoja ndani ya katoni. Zikibanana hukaa na joto kwa saa nyingi na shira hukolea rangi. Utamuahidi mteja kaharabu, umletee nyeusi. Zitawanye mezani zipoe. Lebo zisubiri kioo kipoe, kifutwe kwa maji ya vuguvugu na kukauka kabisa. Maana yake ni kwamba oda ya vichupa haiishi kwa siku moja hata ukiwa na mikono minne.

Kwa vichupa 120, hii ndiyo saa yangu ya ukutani: kupasha shira na kuandaa meza, saa 1. Kujaza na kufunga, saa 2. Kufuta na kubandika lebo, saa 1 na nusu. Kufunga utepe na kikadi, saa 3; ndiyo, tatu, dakika moja na nusu kwa kila kimoja, na ujaribu mwenyewe kabla hujabisha. Kupanga kwenye katoni, nusu saa. Kuosha vyombo, saa 1. Na ujumbe wa simu, picha za lebo, “tunaweza kubadilisha maandishi yawe ya kijani iliyokolea kidogo?”, saa 2. Jumla saa 11.

Saa 2 za mwisho ndizo ambazo karibu kila mtu huziacha nje. Oda za harusi zina maongezi mengi kuliko oda yoyote nyingine, na ni haki yao, ni siku yao. Ila ni kazi, na kazi ina bei.

Jilipe kiwango ambacho ungemlipa mtu mwingine akufanyie. Tuseme dola 20 kwa saa: dola 220, gawanya kwa 120, dola 1.83 kwa kichupa. Ongeza fungu la bima, gesi ya kupashia, leseni na vitu vya namna hiyo, tuseme senti 40.

Sasa jumlisha. Vifaa 2.96, mikono 1.83, uendeshaji 0.40. Gharama ya kichupa kimoja ni dola 5.19, na bado hujapata faida yoyote. Ndani ya hizo, shira ni senti 75 tu, yaani senti 14 katika kila dola unayotumia. Ukiona hesabu yako ina shira kama mstari mkubwa kuliko yote, kuna mstari umeusahau.

Hatua ya 5: Tenganisha kazi ya oda na kazi ya kichupa

Katika zile saa 11, saa 4 hazijali idadi: kuandaa, kuosha, na maongezi. Ukijaza vichupa 30 au 300, utapasha sufuria na kuiosha vilevile. Saa 4 hizo ni dola 80. Kilichobaki kwenye gharama ya kichupa kimoja, dola 4.53, ndicho kinachoongezeka na kila kichupa.

Sambaza dola 80 kwa vichupa 30 na kila kimoja kinabeba dola 2.67, gharama inakuwa dola 7.20. Kwa 120, kinabeba senti 67, tunarudi kwenye ile 5.19 kwa tofauti ya senti moja ya kukadiria. Kwa 300, senti 27, gharama ni dola 4.80.

Soma namba hizo mara mbili, kwa sababu zina majibu ya maswali mawili utakayoulizwa kila wiki. La kwanza: “Nataka 30 tu, utanifanyia bei ileile?” Haiwezekani. Ama weka idadi ya chini kabisa ya kupokea oda, au toza ada ya maandalizi iliyo peke yake, nje ya bei ya kichupa. Mimi napendelea ada, maana mteja anaiona na kuielewa, na hana haja ya kuagiza vichupa asivyovihitaji. La pili: “Nikichukua 300 utanipunguzia kiasi gani?” Kutoka 120 hadi 300 gharama imeshuka kwa senti 39. Huo ndio ukubwa wa punguzo ulilo nalo, labda na kidogo zaidi kama mchapaji wa lebo naye amekupunguzia. Anayetoa punguzo la asilimia 30 kwa sababu oda ni kubwa anafanya kazi kubwa zaidi kwa hasara kubwa zaidi.

Hatua ya 6: Faida, na ile asilimia inayowachanganya watu

Ukisema unataka faida ya asilimia 25, unaweza kumaanisha mambo mawili. Ukiongeza asilimia 25 juu ya gharama, 5.19 mara 1.25, unapata dola 6.49. Lakini faida hiyo ni asilimia 20 tu ya bei. Ukitaka robo ya kila dola inayoingia iwe faida, gawanya gharama kwa 0.75: dola 6.92. Tofauti ni senti 43, kwenye vichupa 120 ni zaidi ya dola 51. Hakuna njia iliyo haramu, ila ujue unatumia ipi, na uitumie hiyohiyo kila siku.

Kwa hesabu ya kugawanya, vichupa 30 vitauzwa dola 9.60 kimoja, 120 dola 6.92, na 300 dola 6.40. Mimi ningetaja dola 7 kwa ile oda ya 120, jumla dola 840. Katika hizo, takribani dola 217 ni faida, mbali na dola 220 ulizojilipa kwa kazi.

Jaribu na mililita 100 kabla hujafunga daftari. Shira inaongezeka kwa senti 75, chupa tuseme kwa senti 30, na kila kitu kingine kinabaki palepale: utepe ni uleule, lebo ni ileile, na kujaza kunachelewa kwa sekunde chache. Gharama inafika dola 6.28 hivi, bei dola 8.38. Mteja anapata shira mara mbili kwa nyongeza ya dola 1.46. Siku zote nawaonyesha wateja bei zote mbili kwa pamoja, nao wengi huchukua kubwa bila kushawishiwa.

Hatua ya 7: Anaposema ni ghali

Atasema. Mtu anayelinganisha kichupa chako na galoni ya dukani ataona umemwibia, maana kwa mililita kichupa ni ghali mara nyingi zaidi. Usijitetee kwa kueleza ugumu wa kuchemsha utomvu. Mwulize swali hili: wageni 120 ni kaya ngapi? Wenye ndoa na wachumba huja wawili wawili, na kichupa kimoja kwa kila kaya kinatosha bila mtu kuona ameonewa. Wageni 120 mara nyingi wanakuwa kaya 70. Bei ya kichupa itapanda hadi dola 7.56 kwa sababu ya zile dola 80, lakini jumla yake inashuka kutoka 840 hadi 530 hivi. Amepunguza zaidi ya dola 300 na wewe hujapunguza bei yako hata senti.

Kama bado, punguza kazi. Utepe na kikadi vina senti 25 za vifaa, na senti 50 za mikono yako. Ukiweka hasara na faida, vinabeba dola 1 nzima ya bei. Mpe vichupa vyenye lebo tu, na wasimamizi wa bibi harusi wafunge tepe wenyewe jioni moja. Wapo wanaoifurahia kazi hiyo. Kitu ambacho hutakiwi kukubali ni kufunga tepe zote kwa bei ya asiyefungiwa tepe.

Na wapo ambao bei haitawafaa kwa namna yoyote. Waambie kwa upole.

Hatua ya 8: Lebo ina sheria zake

Majina yao na tarehe ni mapambo. Sheria inataka mengine, na kichupa kidogo hakijasamehewa. Kwa Marekani lazima mgeni aweze kusoma kuwa hii ni shira ya mepo, ujazo wake kwa aunsi na kwa mililita, na jina na mahali pa aliyeifungasha. Vermont inataka na daraja la shira lionekane. Kanada inataka lugha mbili, Kiingereza na Kifaransa. Yote haya yanaingia kwenye lebo ndogo ya nyuma, ndiyo maana iko kwenye orodha ya gharama. Pitia ofisi ya kilimo ya jimbo lako kabla ya kuchapisha lebo ya kwanza. Lebo 120 zilizokosewa ni karatasi za kufutia meza. Kuhusu kodi ya mauzo, majimbo hayafanani, kwa hiyo uliza ofisi ya kodi na uandike kwenye makadirio kama bei yako ni kabla au baada ya kodi.

Hatua ya 9: Makadirio, arbuni na tarehe

Andika makadirio ya bei kwa maandishi, hata kwa binamu yako. Yaoneshe idadi, ujazo, daraja la shira, maneno ya lebo herufi kwa herufi, bei ya kichupa, ada ya maandalizi kama ipo, na siku ambayo bei hiyo inakoma kufanya kazi. Siku hiyo ya kukoma ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mteja anayeuliza Novemba huwa anataka vichupa Septemba ijayo, na katikati yake kuna msimu mzima wa utomvu ambao hujui utakuja vipi. Akitaka kuishikilia bei, alipe arbuni ili uitenge shira na kununua chupa mapema.

Arbuni iwe nusu, na isirudi baada ya lebo kuchapishwa. Kichupa chenye majina ya watu wawili hakina mnunuzi mwingine duniani. Unaweza kubandua lebo na kubandika ya kawaida, ila hapo umeongeza kazi juu ya kazi. Hariri ya lebo iwe mara mbili bure. Ya tatu ilipiwe. Utashangaa jinsi rangi ya kijani inavyotulia ghafla.

Usafirishaji uwe mstari wa peke yake. Vichupa 120 vya kioo vilivyojaa si mzigo wa kubeba kwa kwapa, na ukivituma kwa posta vinahitaji vitenganishi na katoni mbili, moja ndani ya nyingine. Mteja akija kuchukua mwenyewe, mstari huo unaondoka.

Jaza vichupa vitatu au vinne zaidi ya oda. Gharama yake imeshaingia kwenye ile asilimia 4. Kimoja kikivunjika njiani unacho kingine garini. Visipovunjika, mpe bibi harusi kimoja mkononi mwake siku ya kukabidhi. Kingine kiache kwenye rafu na uandike tarehe chini yake, ili mtu akikupigia miezi miwili baadaye kulalamika kuhusu kifuniko au rangi, uwe na cha kufungua na kutazama kabla ya kumjibu.

Kwenye kikadi, kama kuna nafasi, ongeza mstari mmoja: ukishafungua, weka kwenye friji. Shira iliyofunguliwa na kuachwa kabatini huota ukungu juu, na mgeni atakayekutana nao atakumbuka jina lililo kwenye lebo ya nyuma, ambalo ni lako.